Mchanga Ulipanda Ndege Kabla ya Mama

Watu wakijua kwamba mdogo wangu alikuwa rubani, hutaka niwasimulie habari za mawingu. Za mawingu ninazo kidogo, nitazitoa zikifika mahali pake. Nyingi nilizo nazo ni za mchanga. Mchanga wa Ngara ulipandishwa ndege mbele ya macho yangu, umefungwa vizuri ndani ya magunia, na mama yangu amelazwa chini juu ya machela, tumbo limevimba, akiambiwa hana ruhusa. Mke wangu ananiambia niiache hasira hiyo, nimezeeka. Namjibu kwamba yaliyozeeka ni magoti.

Nianzie nyuma kidogo. Mimi nilisoma hadi darasa la pili kwa mapadri, nikatolewa nikachunge ng'ombe wa baba kule Murukulazo. Mdogo wangu, kitinda mimba, ndiye aliyeachwa aendelee na shule, kwa sababu alikuwa mwembamba na ng'ombe walikuwa hawamwogopi. Leo watu wanasema baba aliiona akili yake mapema. Baba hakuona akili ya mtu yeyote. Alimwona fahali akimburuza mtoto kwenye shamba la maharage, basi, akaamua huyu aende shule. Kutoka shule akaingia jeshini, na jeshi likampeleka nchi ya theluji kujifunza ndege za vita.

Vita vya Kagera vilipokuja yeye alikuwa huko juu. Sisi huku chini, kila ndege ikipita mama alitoka nje akaipungia kanga, awe yeye asiwe yeye. Siku moja aliipungia ya adui. Tulipomwambia akasema hata huyo ana mama yake, akaendelea kumenya ndizi.

Baadaye akaacha jeshi akaenda kuendesha ndege za abiria. Alikuja likizo na shati jeupe lenye mistari mabegani, akakaa kwenye kigoda kama sisi, akanyonya pombe ya ndizi kwa mrija kutoka chungu kimoja na sisi. Aliniambia ukiwa juu, mawingu yanafanana na mashamba ya pamba ya Wasukuma, ila hakuna wa kuvuna. Hayo ndiyo mawingu yangu, nimeyamaliza.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Hapa sitaki mtu anisome vibaya. Watu walivuka mpaka na magodoro kichwani, wengine wamebeba mgongoni watoto waliokwisha kufa na hawajui. Mama aliwatoa ng'ombe zizini ili watu wapate pa kulala. Tulisikilizana nao bila mkalimani, maana Kihangaza chetu na lugha zao ni ndugu wa tumbo moja. Hasira yangu si juu yao hata siku moja. Ni juu ya wale waliokuja nyuma yao na magari meupe, wakatuona sisi wenyeji kama majani ya kando ya barabara. Malori yao ya misaada yalivunja daraja letu, na daraja halikuwa la mkimbizi, kwa hiyo halikutengenezwa. Kile kiwanja cha ndege, ambacho zamani kilikuwa changarawe ngumu tu na wanawake wetu wakianika mtama na maharage pale kwa sababu ni pasafi, kiliwekewa walinzi. Ukija na ungo unafukuzwa kama mwizi. Kupepeta maharage kwenye ardhi yako mwenyewe kukawa kosa.

Kampuni moja iliyokodiwa kubeba misaada ikamchukua mdogo wangu, kwa vile alizijua njia za huku. Akawa analeta dawa, biskuti na mablanketi kutoka Mwanza, na kurudi na ndege tupu. Nakuomba ulishike hilo neno, tupu.

Sasa mama akaugua. Ilianza kama kuumwa tumbo kwa kawaida, tukampa majani. Kesho yake tumbo lilikuwa gumu kama ngoma na kila alichokunywa kilirudi. Tukamweka kwenye ingobyi, ile machela yetu ya kusuka inayobebwa mabegani, tukapokezana hadi hospitali. Daktari, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimbonyeza kidogo tu akasema utumbo umejisokota, ni lazima apasuliwe.

"Basi mpasue, mwanangu," nikasema.

"Mzee, dawa ya usingizi imekwisha na majeruhi wako mpaka kwenye korido. Mpeleke Mwanza. Leo, si kesho."

"Kwa daraja gani?"

Akamgeukia majeruhi aliyefuata. Hata yeye alijua daraja limelala mtoni. Wakati huohuo nikasikia ngurumo juu ya paa, na mama akiwa amefumba macho akainua mkono, akapunga.

Tulifika kiwanjani mablanketi yanashushwa. Msimamizi wa mizigo alikuwa kijana wa mjini, redio kiunoni, miwani ya jua, si mtu mbaya wa sura. Akanisalimia vizuri, shikamoo, marahaba. Akauliza, "Huyu mgonjwa ni wa kambini?"

Nikasema ndiyo. Nilisema bila kupepesa, na ningesema tena. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mgonjwa wa kambini akipakiwa wiki ile na kupelekwa Mwanza, na nilifurahi kwa ajili yake. Nikawaza, lugha tunaongea ileile, na mateso yamefanana. Nani atajua?

Nilimsahau mama. Kwetu mtu mzima akiulizwa anakotoka hajibu kwa neno moja. Anataja kilima, anamtaja baba yake, anamtaja mume wake, ndipo anafika kwenye watoto. Kuruka kimoja ni kama kujikana. Kijana yule akainama kwa heshima akamwuliza, "Pole bibi. Umetoka wapi?" Mama aliyekuwa hawezi kumeza mate akajiinua kwa kiwiko. Akataja kilima chetu cha Murukulazo. Akamtaja babu yangu, mfua vyuma. Akamtaja baba. Nilimminya mguu, akausogeza. Halafu akanyoosha kidole kwenye ndege.

"Na huyo anayeendesha hiyo ndiye mwanangu wa mwisho. Nilimzaa wakati wa mvua."

Wapakuzi wakacheka hadi wakaweka mablanketi chini. Msimamizi naye akacheka, kisha akaacha.

"Mzee, umenidanganya. Huyu si mkimbizi, huyu ni mama wa kapteni. Mwenyeji haruhusiwi, na ndugu wa rubani ndiyo kabisa."

"Angekuwa mkimbizi?"

"Ningempakia sasa hivi."

Nikamwambia mama kwa Kihangaza, nusu nikilia, "Mama, ungesema tu umetoka ng'ambo." Akanitazama kama nilivyotazamwa siku nilipopoteza ndama. "Nimefukuzwa na nani mpaka niseme hivyo?" akasema. Akalala tena.

Mdogo wangu alikuwa ameshuka. Alipiga magoti akamshika mama mkono, akamwamkia, akasimama akaongea na msimamizi kwa Kiingereza kirefu. Nikaona kichwa cha yule kijana kinatikisika. Akarudi kwangu, macho chini.

"Kaka, kampuni imekataa. Sheria ni sheria."

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilimwuliza hiyo sheria ilimnyonyesha miezi mingapi. Nilimwambia jeshi lilimfundisha kuwafuata adui mawinguni na sasa anamwogopa mvulana mwenye miwani. Nilisema mengine ambayo padri akisoma haya atanizuia kupokea komunyo, kwa hiyo nayaacha. Alisimama akayapokea yote. Mdogo wangu alikuwa hivyo, ukimtukana ananyamaza kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo, anatafuta neno.

Nikiwa katikati ya matusi nikawaona wanaume wanne wanapita na magunia mabegani, wanayapeleka kwenye ndege. Nikauliza ni nini kile. Mmoja akajibu, "Mchanga, mzee."

"Mchanga wa nini?"

"Ndege ikiwa tupu pua inakuwa nyepesi. Tunaweka mchanga mbele, itulie."

Mchanga wenyewe ulichotwa pale chini, kando ya shamba la binamu yetu. Sikujua nicheke au nimkabe mtu. Nikamgeukia msimamizi, na nikauliza kwa sauti ya chini, maana ile ya juu ilikuwa imekwisha.

"Baba, haya magunia yametoka kambi gani?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mdogo wangu aliyatazama magunia, akamtazama mama, na nikaona amelipata lile neno alilokuwa akilitafuta.

"Shusheni mawili," akawaambia wapakuzi.

"Kapteni, siwezi kuruhusu abiria," msimamizi akasema.

"Sijapakia abiria. Ninahitaji uzito mbele, na uzito ninauchagua mimi."

"Nitaripoti."

"Ripoti, kijana. Ila tusogezee machela kwanza."

Wakashusha magunia, wakamweka mama mahali yalipokuwa, wakamfunga kwa mikanda ileile. Kumbe ugonjwa ulikuwa umemla, hakufikia uzito uliotakiwa. Ikabidi gunia moja lirudishwe, likawekwa miguuni pake. Mimi nikapanda badala ya mengine mawili. Mama alipoelewa kilichofanyika alinong'ona, "Mmenipakia kama mchanga." Hilo alitukumbusha hadi anaingia kaburini, miaka mingi baadaye, na alikuwa na haki. Kama ni mawingu, siku hiyo sikuyaona. Nilifumba macho nikashika rozari mpaka magurudumu yakagusa Mwanza.

Alipasuliwa jioni ileile, akapona. Mdogo wangu hakumaliza juma kazini. Kampuni ilimwita, ikamwambia arudishe funguo na kitambulisho, na hakuna mtu aliyeuliza mgonjwa anaendeleaje. Mtu aliyeipigania nchi hii angani na kuwasafirisha abiria wake bila kumchubua mtu, kazi imekwisha kwa sababu ya kibibi chepesi kuliko magunia mawili. Yeye hakunung'unika. Nilinung'unika mimi kwa niaba yake, na naendelea.

Lakini lililonichoma zaidi lilikuwa mbele. Mishono ilipokauka tukarudi nyumbani kwa basi, sisi watatu. Siku zile upande wa Biharamulo magari yalikwenda kwa msafara na askari, kwa ajili ya majambazi wa msituni, na kabla ya msitu palikuwa na kizuizi. Polisi akaingia, akasikia mama ananiambia kwa Kihangaza nimvutie shuka. Akasimama juu yetu.

"Nyinyi wakimbizi, kibali cha kutoka kambini kiko wapi?"

Nikasema sisi ni wa Ngara. Akasema wote husema hivyo. Akamwuliza mama, "Bibi, unatoka wapi?" Nikafumba macho, maana nilijua kinachokuja. Kilima. Babu. Baba. Na mwanangu ni rubani.

Basi zima likacheka. Mama mmoja aliyekuwa na kuku, anakwenda Nyantakara, akasema, "Mama wa rubani anapanda basi na kuku wangu?"

Mdogo wangu, kwenye sweta lake la zamani, akasimama. "Afande, rubani ni mimi."

"Na mimi ni askofu," polisi akajibu. "Shukeni wote watatu."

Tukashuka. Tulimkalisha mama kwenye nyasi, mkono wake umeshika tumbo mahali pa mishono. Wiki chache nyuma hakuwa mkimbizi wa kutosha kupanda ndege. Sasa amekuwa mkimbizi mno kupanda basi. Na maneno aliyoyasema ni yaleyale, hakubadilisha hata moja. Mdogo wangu akaketi pembeni yake, akang'oa jani akawa analichana. Nilimwona kwa mara ya kwanza amechoka.

Msafara ukapiga honi. Tukasubiri basi liondoke. Badala yake likazimwa. Dereva, Msukuma mmoja mnene mwenye kipande cha muwa mdomoni, akashuka taratibu akaja akasimama kati yetu na polisi.

"Afande, hawa nimewapakia Mwanza. Tangu asubuhi nakwepa mashimo kwa ajili ya tumbo la huyu mama. Siendi bila wao."

"Utakwenda. Unazuia msafara."

"Nazuia kweli," dereva akasema, akaketi kwenye ngazi ya basi lake akaendelea na muwa.

Basi lilikuwa la mbele, barabara nyembamba. Malori nyuma yakapiga honi, askari wa msafara wakaanza kuutazama msitu na kumtazama polisi. Mama wa kuku naye akatoa kichwa dirishani. "Muache bibi wa watu apande, kuku wangu wanakufa kwa jua." Polisi akatupungia mkono kama anafukuza nzi. Hakutuomba radhi. Hakuna aliyewahi kutuomba radhi, wala huyo wala yule wa miwani, na ninapoandika haya bado nasubiri.

Tulipopanda, mdogo wangu alimwambia dereva, "Asante, kapteni." Yule bwana akageuka kwa wasiwasi. "Unanitania, mzee?" Mdogo wangu akasema hapana.

Hakuomba tena kazi ya kampuni. Alikwenda kufundisha marubani vijana hadi alipostaafu. Nilimtembelea mara moja nikakaa nyuma ya darasa lake, mimi wa darasa la pili, na somo lilikuwa la uzito, nini kikae mbele na nini nyuma. Nilingoja ataje mama. Alimtaja dereva wa basi, akawaeleza habari yote ya muwa, na vijana wale wenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri wakaandika.

Yale magunia tuliyosafiri nayo, nilimwuliza siku hiyo yaliishia wapi. Akasema yalifunguliwa kulekule Mwanza, mchanga ukamwagwa kando ya njia ya kurukia. Basi uko huko hadi leo, mchanga wa Ngara, na hakuna aliyeuuliza unatoka wapi.