Fundi Anayepasha Moto Maji Asiyoyakubali

Saa kumi na mbili asubuhi, fundi bomba amepiga magoti ndani ya birika la ubatizo, akipapasa pembe moja baada ya nyingine kutafuta unyevu unaopenya. Mkono unatoka mkavu. Anafungua koki, lakini kidogo tu. Maji yakiingia kwa kasi, anasema, yatakula saruji ya viungo.

Birika hili alilijenga mwenyewe miaka tisa iliyopita, japo kanisa si lake. Kanisani kwake wanabatiza hata watoto wachanga. Hapa wanazamisha watu wazima waliokiri imani, na leo anayezamishwa ni mwanawe wa pekee.

"Huyu alishabatizwa," anasema bila kuinua kichwa. "Alikuwa na miezi miwili, nimonia imembana kifua, mchungaji wetu akaja wodini. Bakuli la maji nilishika mimi."

Kwa miezi mitatu sasa, baba na mwana hawajala meza moja. Baba anashikilia kwamba agano la Mungu huwachukua wazazi pamoja na watoto wao. "Kwani aliulizwa kama anataka kuwa mwanangu? Nilimpokea tu. Na Mungu vivyo hivyo."

Mwanawe, fundi umeme, amesimama mlangoni, taulo begani.

"Baba, kwa lile bakuli nakushukuru. Lakini imani ilikuwa yako. Agano jipya mtu huliingia kwa kuamini mwenyewe."

"Mbishi kama mama yako."

"Mama mbona yuko upande wako?"

Fundi anabana kicheko, anatoka kwenda uani. Huko mapipa manne ya maji yanatoa mvuke juu ya kuni. Hakuna aliyemtuma. Anayachota ndoo kwa ndoo, anayamimina birikani, kisha anatumbukiza kiwiko, kama mtu anayepima maji ya kuogeshea mtoto.

"Kifua chake hakijawahi kupona sawasawa," anasema kwa sauti ya chini. "Ubatizo huu sikubaliani nao. Lakini baridi haina dhehebu."

Mwanawe anagusa maji. Kisha anachukua ndoo ya pili na kumfuata baba yake uani.

Ibada ni saa nne. Fundi atakaa benchi la mbele.

"Bakuli nilishika mimi, na taulo nitashika mimi," anasema. "Akishavaa nguo kavu, tutaenda nyumbani, mama yake anapika. Ubishi tutaumalizia mezani."