Matilda wa Nyumba Namba 41

Saa mbili unusu asubuhi, chumba cha kusomea nyaraka mjini Dolný Kubín hakijapata hata joto, na Želmíra Kubalová anacheka peke yake. Mhudumu anamkazia macho. Anajifuta machozi na kuinamia tena karatasi za sensa ya mwaka 1869.

Želmíra, 58, alikuwa mpeleka barua. Siku hizi huwatafutia watu mababu zao kwa euro 15 kila ukoo, ingawa wengine humlipa jibini.

"Nimewahudumia walio hai miaka thelathini," anasema. "Sasa niko na wafu. Hawa hawafugi mbwa."

Lakini kilichomchekesha asubuhi hii kinaweza pia kumponza. Mzee Ctibor Hruštinec, mkuu wa wazimamoto wa kujitolea kijijini kwao Zálesok, amemtuma amtafute Matej, baba wa babu yake, shujaa wa vita anayetambiwa na ukoo mzima. Jiwe la kumbukumbu limeshachongwa, litazinduliwa Jumapili. Na Ctibor huyohuyo ndiye mwenye ufunguo wa banda la zamani la wazimamoto, ambalo Želmíra analililia liwe ofisi yake.

Kwenye sensa, nyumba namba 41, ya ukoo huo, haina Matej. Ina Matilda, binti wa miaka kumi na minane. Kitabu cha ubatizo hakimjui Matilda yeyote. Kinamjua Matej, wa umri uleule. Sheria ya kila kijana wa kiume kwenda jeshini ilikuwa imetoka mwaka mmoja nyuma, basi karani wa sensa alipopiga hodi, Zálesok ikajaaliwa mabinti.

Nusura Želmíra aseme karatasi imeliwa na panya. Roho ikakataa. Jioni akaenda kwa Ctibor na nakala.

Ctibor aliisoma mara mbili, akawa mwekundu, akadai karani alikuwa mlevi. Mkewe, Ľudmila, hakuacha kukoroga chungu.

"Baba Otília," alisema, "Matej angekwenda akafia huko, mimi leo ningempikia nani?"

Ulimi hauna mfupa. Kufika kesho yake duka zima lilikuwa na habari. Jumapili jiwe halikuzinduliwa, na jirani yao Gejza akapita akimpigia Ctibor saluti na kumwamkia, "Shikamoo, shangazi Matilda." Želmíra akajua banda limekwenda na maji, na anakiri kwamba alilia.

Jumatatu Ctibor akabisha hodi, akaweka ufunguo mezani.

"Banda chukua. Jiwe nitaligeuza, waandike upande wa pili: Matej, aliyesalimika kwa kuwa hakwenda." Akakohoa. "Ila kazi ya kwanza ni ukoo wa Gejza. Nalipa mimi."

Želmíra anatarajia kufungua ofisi kabla theluji haijaanza. Kuhusu Gejza, hakungoja ofisi. Nyumba yao, namba 43, ameshaisoma kwenye sensa ileile.

"Mabinti sita," anasema huku akichonga penseli. "Na hakuna aliyeolewa hata mmoja."