Nta ya Rangi, Mafuta ya Mpira

Miaka ile ya Ujamaa, katika yadi yetu ya magari pale Bukoba, dereva mwanamke nilikuwa mimi peke yangu. Nilikabidhiwa Landrova ya kliniki, nyeupe, ya kupeleka wakunga na dawa hadi Kimwani. Vipuri vilikuwa adimu, rangi ndiyo haikupatikana kabisa.

Dereva mkuu, mzee wa Kibeta, alipaka gari lake mafuta ya injini kila mahali: boneti, dashibodi, hata raba za milango. Asubuhi lilimetameta. Mimi nilikosea kwa namna yangu. Niliyeyusha nta ya nyuki, nikaichanganya na tapentaini, nikapaka gari zima. Bati lilipendeza, lakini raba zikaganda utando mweupe, zikakakamaa, na mvua ikapenya mpaka kwenye kasha la bandeji. Niliona aibu.

Mkunga niliyekuwa nikimwendesha akanipa kichupa cha gilisirini aliyokuwa akipaka mikononi.

"Ngozi ikikauka hupasuka," alisema. "Mpira je?"

Hapo nikaelewa. Nta hukaa juu ya rangi, ikawa ngumu, ikazuia maji na vumbi. Mpira hautaki kufunikwa; unataka kulainishwa, jua lisiupasue. Nikasugua raba mpaka nta yote ikatoka, nikazipaka gilisirini. Bati nikaliachia nta, nikalifuta kwa kitambaa kikavu mpaka kidole kikateleza.

Siku moja tulitumwa Muleba pamoja, mzee mbele, mimi nyuma. Vumbi jekundu likaganda kwenye mafuta yake. Kisha mvua ikanyesha. Tuliposimama, matone yalikuwa yakibingirika kwenye boneti langu na kudondoka. La kwake lilikuwa na michirizi ya tope, na alipolifuta kwa mkono, mchanga ukalikwaruza rangi.

Akalizunguka gari langu, akafungua mlango, akabonyeza raba kwa kidole, akaniuliza kwa upole wa Kihaya.

"Waitu, mama, umepaka nini?"

"Viwili, mzee. Kimoja cha rangi, kimoja cha mpira."

"Basi Jumamosi utufundishe sote."

Jumamosi hiyo madereva saba walisimama kunizunguka, vitambaa mkononi, na yule mzee ndiye aliyenishikia kopo la nta.

Baada ya miaka mingi gari lile liliuzwa. Mnunuzi aliuliza lilipigwa rangi upya lini.

"Halijapigwa," nikamjibu. "Ni ile ile ya kiwandani."