Chuo si Wodi

Siku Sekela alipoanguka kwenye mchakamchaka, mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake, nikamkanyaga mkono. Ukungu ulikuwa mzito, kama kawaida ya Tukuyu mwezi wa Aprili, na wimbo ulikuwa umepamba moto. Nilidhani nimekanyaga gogo. Nilipoinama nikaona ni mwenzangu wa bweni, msichana mrefu wa Kisondela ambaye nilikuwa hata sijazoeana naye. Alilowa jasho katika baridi ile, na mikono ilikuwa inamtetemeka.

Wanachuo wakamzunguka. Mmoja akasema ni kifafa, mwingine akasema mapepo, wa tatu akaanza kukemea kwa sauti. Sekela akanong'ona neno moja.

"Sukari."

Tukadhani anaweweseka. Akarudia, safari hii kwa hasira.

"Sukari, nyie! Nileteeni sukari!"

Nikakimbia jikoni, nikachota kiganja kizima. Akailamba, akanywa maji, na baada ya muda mfupi akaketi. Akajifuta matope usoni, akatutazama tuliomzunguka, akauliza, "Nani kanikanyaga?"

Hivyo ndivyo urafiki wetu ulivyoanza. Mimi ni Zakia, binti wa Mzee Kheri mwenye duka pale Bulyaga, Tukuyu mjini. Mwaka ulikuwa 1993, na tulikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu ambacho nitakiacha bila jina.

Jioni ile alinieleza. Ugonjwa wake ulikuwa kisukari, ile aina inayowapata watoto na vijana, ambayo mwili unaacha kutengeneza insulini, na mtu asipojidunga anakufa. Alikuwa kidato cha pili ulipomwanza. Alikunywa maji kama ng'ombe, akakonda mpaka sketi ikawa inamdondoka. Hospitali ilimwanzishia sindano, lakini nyumbani kwao walisema karogwa. Walimpeleka kwa mganga huko Kinyala, na mganga akasema aache sindano za hospitali mpaka dawa yake ya mizizi ifanye kazi. Sekela aliziacha. Alirudishwa hospitali kwenye machela ya mianzi, hajitambui, anapumua kama mtu aliyetoka kupanda mlima.

"Nilipozinduka," aliniambia, "nilisema basi. Kuanzia leo, mwili huu nitausemea mimi."

Asubuhi ile ya mchakamchaka alikuwa amejidunga kama kawaida, akitegemea uji. Lakini kuni zilikuwa mbichi, uji ukachelewa, na kengele ya kukimbia ikagongwa kabla hajatia kitu tumboni. Sindano bila chakula, halafu mbio. Sukari ilimwishia mwilini, akaanguka.

Mkuu wa chuo, Mwalimu Meshaki, hakutaka maelezo hayo. Alikuwa mtu wa nidhamu, shati lake halikuwa na kunyanzi hata siku za mvua. Alimwita Sekela ofisini, na alimwita pia baba yake, Mzee Ambindwile, aliyekuja kwa miguu kutoka Kisondela na mkungu wa ndizi begani kama zawadi. Mimi niliitwa kama shahidi, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Mzee," Mkuu alisema, "binti yako ni mgonjwa. Chuo si wodi. Akinifia hapa nitajibu nini? Aandike barua ya kujiondoa, apumzike nyumbani."

Mzee Ambindwile aliinamisha kichwa. "Ndaga, Mwalimu, asante. Hata mimi niliogopa tangu mwanzo." Akamgeukia bintiye. "Gwe Sekela, twende nyumbani. Mtu wa kuishi kwa sindano ataenda wapi?"

"Baba, nitaenda hata huko sindano zinakotengenezwa," Sekela akajibu.

"Usinijibu hivyo mbele ya mkubwa."

"Samahani, baba. Lakini siandiki barua." Akamgeukia Mkuu. "Mwalimu, kama chuo kinanifukuza, kiandike chenyewe, kiseme kosa langu ni lipi. Mimi sikufeli somo, sikuiba, sikupigana. Nilianguka kwa sababu uji ulichelewa."

Mkuu aligonga meza. "Unasema chuo ndicho kilichokuangusha?"

"Nasema uji ulichelewa, Mwalimu. Muulize mpishi."

Nilitamani sakafu inimeze. Mzee Ambindwile aliushika mkungu wake kama anayetaka kuondoka nao. Mkuu akasema kwa sauti ya kumaliza maneno, "Kwa hiyo utakaa chuoni bila kukimbia, bila kulima, uwe mgeni wetu?"

"Sikuomba hivyo. Nitakimbia kama wenzangu. Ninachoomba ni kula kwanza."

Mkuu akampa mpaka mwisho wa muhula. Nadhani alitegemea kwamba baridi na jembe vitamaliza kazi ambayo barua ilishindwa.

Kesho yake kabla ya kengele, Sekela alikula kiazi alichokichemsha jana yake, akatia ndizi mbivu mfukoni mwa kaptula, akajipanga mstari wa mbele kabisa. Wapo waliocheka. Alikimbia mpaka mwisho. Keshokutwa vivyo hivyo. Njiani akihisi midomo inakufa ganzi, alikula ndizi yake huku anakimbia, akitupa ganda pembeni bila aibu. Vijana wakampa jina la Tumbili. Alilipokea. Mtu akimwita "Tumbili!" yeye anaitika, "Naam, na nimekuacha nyuma!"

Dawa yenyewe ilitaka ubaridi, na bwenini hatukuwa na friji. Baba yangu alikuwa nayo dukani. Ndiyo miaka ile maduka ya Bulyaga yalipoanza kujaa vitu ambavyo utotoni mwetu tulivisikia tu, sabuni za rangi, mitumba ya kila namna, na soda baridi saa yoyote. Baba alimtengea Sekela kona kwenye friji, akamwambia, "Mwanangu, weka. Atakayegusa nitagombana naye." Kila baada ya siku chache tulishuka pamoja kuchukua kichupa.

Siku moja ya gulio mtu akaiongezea friji baridi ili soda ziwe za barafu. Tukakuta dawa imeganda. Baba alihuzunika sana, akaanza kuiyeyusha kwenye viganja vyake.

"Baba Zakia, acha," Sekela akasema. "Ikiganda imekufa. Nikijidunga hiyo ni kama nimejidunga maji."

Tulifika hospitali ya misheni tukiwa tumelowa mvua, akapewa nyingine. Tangu hapo hakuitegemea friji tena, hasa kwa kuwa umeme nao ulikuwa wa mgao, leo upo kesho haupo. Alinunua sokoni chungu cha udongo cha Wakisi, wafinyanzi wa Ziwa Nyasa, akatia maji, akaweka kichupa ndani ya kopo lililofunikwa vizuri, akakificha chungu chini ya kitanda. Baridi ya Tukuyu, ambayo wote tulikuwa tunailalamikia, ikamfanyia kazi.

Jikoni nako hakunyamaza. Alikwenda kwa mpishi, kisha kwa kiranja wa chakula, kisha kwenye kikao cha wanachuo wote, akasimama akasema chakula kije kwa wakati. "Mimi kikichelewa naanguka," alisema. "Nyinyi kikichelewa mnasinzia darasani na kupata vidonda vya tumbo. Tofauti yetu ni kwamba mimi naonekana." Wanachuo walipiga makofi mpaka Mkuu akatoka ofisini kutazama. Kuni zikaanza kuanikwa darini juu ya jiko, na uji ukawa unawahi.

Muhula ukaisha, na barua haikutajwa tena. Tulihitimu pamoja. Mkuu alimpa mkono kama alivyotupa wote.

Alifundisha shule ya msingi kwa muda, halafu kanisa lao likapata nafasi ya kusomesha mtu shahada ya lishe huko India. Sekela aliomba. Wazee wa kanisa walisitasita, wakasema apelekwe mtu mwenye afya. Mzee mmoja alimuuliza wazi, "Ukiugua ugenini, nani atakuuguza?"

"Hapa nani ananiuguza?" Sekela akauliza. "Najiuguza mwenyewe kila asubuhi na kila jioni. Mikono hii nitasafiri nayo."

Akapewa. Alipanda ndege na insulini yake ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi, akafika Bangalore.

Yaliyompata huko alinisimulia aliporudi, tukiwa tumeketi uani kwetu. Alisema cha kwanza kilichomsumbua hakikuwa pilipili, kilikuwa saa za kula. Hosteli alimokaa ilipakua chakula cha jioni usiku umeshaingia sana. Cha pili kilikuwa ukarimu. Kila sikukuu wasichana walimletea vitamu vya maziwa na sukari, na ukikataa wanaona umewadharau. Alijifunza kukipokea kipande kwa mikono miwili, kushukuru, na kukiweka akiba ya siku sukari itakaposhuka.

Halafu mfagiaji akakuta bomba za sindano kwenye kapu lake la taka. Bibi Kamala, msimamizi wa hosteli, akamwita. Alikuwa mama mnene, mpole wa sauti, ila siku hiyo upole haukuwepo. Alimwonyesha bomba zile na kumuuliza ni dawa gani za kulevya. Sekela alimweleza, akamwonyesha kichupa. Bibi Kamala akaona haya, akaelewa, lakini akaongeza, "Basi uwe unajidunga chooni. Wenzako wataogopa."

"Nilimwambia, Mama, chooni ndiko kwenye uchafu," Sekela alinisimulia. "Sindano haidungwi mahali pachafu. Na mimi sifanyi kitu cha kuficha. Jioni ile nilikwenda ukumbi wa chakula, nikaketi katikati, nikapandisha blauzi kidogo ubavuni, nikadunga. Kijiko kimoja kilianguka. Halafu wakaendelea kula."

"Na yule mama?"

"Alikuwa mlangoni. Siku ya pili akaagiza sahani yangu ipakuliwe mapema."

Kipindi cha mvua alishikwa na tumbo, akawa anatapika na kuharisha, chakula hakikai tumboni. Mwenzake wa chumbani, binti mwema kabisa, akazificha sindano. Aliona mtu asiyekula hana haja ya dawa ya sukari. Hata kwetu watu wengi wangefikiri hivyo. Sekela aliniambia ndipo alipoogopa kuliko alivyowahi kuogopa, kwa sababu alijua kuwa mwili unaopigana na ugonjwa unapandisha sukari hata tumbo likiwa tupu, na akiacha dawa atarudi kule alikofikishwa na mganga wa Kinyala.

"Ulifanyaje?"

"Nilitambaa mpaka kwenye korido nikapiga kelele kwa Kiswahili. Kiingereza kilikuwa kimenitoroka chote. Nilisema, nirudishieni sindano zangu, wauaji nyie!" Akacheka mpaka machozi. "Hakuna aliyeelewa hata neno, lakini hakuna aliyethubutu kutozirudisha."

Alijidunga, akaomba maji ya wali yenye chumvi, akanywa funda kwa funda, akadai apelekwe hospitali asubuhi ile ile. Alilazwa, akatundikiwa dripu, akatoka, akafanya mitihani.

Alirudi mwaka 1999 na shahada yake. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuona kama kwenye ukungu, na hakulificha hilo. Alisema kisukari kilikuwa kimechukua sehemu yake, naye hakusudii kukipa zaidi. Akaajiriwa kufundisha lishe katika chuo cha wauguzi mkoani kwetu, Mbeya.

Wazazi walimfanyia ibada ya shukrani Kisondela. Nilikwenda, nikakaa na akina mama jikoni tukimenya mbalaga, ndizi za kupika. Baada ya ibada watu walipanga foleni kumpa mkono. Wengi walisema hongera. Alipofika shangazi yake mkubwa, Mama Atupele, alimshika Sekela mashavu kwa viganja vyote viwili, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Umeteseka na maradhi mpaka nchi za watu."

Sekela aliiondoa ile mikono taratibu, akaishika ndani ya mikono yake.

"Shangazi, maradhi sikuyaanza India. Nilikwenda nayo, nikarudi nayo, na katikati nilisoma. Pole nilishapewa nyingi toka nikiwa mdogo, zinanitosha. Leo nataka hongera."

Mzee Ambindwile, aliyesimama nyuma ya bintiye na koti lake la harusi, akakohoa. "Mpe hongera, dada," akasema. "Hata mimi amenidai mpaka nikampa."

Mama Atupele akapiga kigelegele kilichowafanya wapigaji ngoma nje waache kubishana na kuanza kupiga. Sekela akajifunga kanga kiunoni, akanivuta mkono. Mvua ilikuwa imeanza. Alinivuta tu, tukaingia ngomani.