Kofia Iliyochukuliwa na Upepo

Kokugonza alikuwa anamsuka mteja saluni kwake Mkolani, redio imewashwa, aliposikia wimbo anaoujua ukianza kwa namna asiyoijua. Kinanda kilikuwa kilekile, lakini chini yake kulikuwa na mdundo mzito, unakimbia kama umechelewa mahali. Mikono yake ikasimama. Mtangazaji akasema kwamba "Taa za Busisi" umefanyiwa rimiksi na kijana wa hapahapa Mwanza, Florian, na video yake imeshatoka.

"Kwa ruhusa ya nani?" Kokugonza akamuuliza mteja, kana kwamba yeye ndiye aliyeitoa.

Wimbo ule aliusikia mara ya kwanza siku aliyohama Bukoba, binti aliyetoka kumaliza shule, anakwenda kuishi kwa shangazi asiyemjua vizuri. Abiria walishushwa kwenye basi kusubiri kivuko cha Busisi, na kwenye kibanda cha chai redio kaseti ilikuwa inapiga muziki mgeni kabisa masikioni mwake. Hapakuwa na gitaa wala tarumbeta. Kilikuwa kinanda cha umeme tu na ngoma za mashine, na mwanamume anayeimba taratibu juu ya mtu anayemsubiri ng'ambo. Wenzake kwenye foleni waliucheka, wakauita muziki wa makopo. Yeye alivuka akiwa amekishika kiitikio, na hofu ya Mwanza ikawa imepungua.

Baadaye aliiona video kwenye televisheni ya jirani. Mwimbaji mwenyewe, Josephat, amesimama juu ya kivuko katikati ya ng'ombe na magunia, suti nyeupe, kinanda kimening'inia shingoni. Kwenye ubeti wa pili upepo unaichukua kofia yake na kuitupa ziwani. Anacheka, mdomo unaachwa nyuma na wimbo kwa maneno mawili, kisha anaufikia. Kokugonza aliipenda sehemu hiyo kuliko zote, na alikua nayo mpaka akawa mama wa watoto.

Jioni binti yake Precious akamwonyesha video mpya kwenye simu. Ilipigwa kutoka angani, juu ya daraja lililochukua nafasi ya kivuko, maji yanang'aa pande zote, vijana wanacheza kwa mpangilio. Ulipofika ubeti wa pili, mmoja wao akavua kofia na kuirusha.

Kokugonza akarudisha simu. "Kofia haikurushwa. Ilichukuliwa."

Precious akaanza kucheka, akamtazama mama yake, akaacha. Akamweleza kwamba Jumamosi mchana kungekuwa na uzinduzi katika ukumbi mmoja Nyamagana, na mzee Josephat angekuwepo. Mama akasema hana muda wa mambo hayo. Jumamosi ilipofika, alifunga saluni mapema, akavaa gauni lake la harusi za watu, akatoka na Precious.

Alikwenda akiwa tayari kumhurumia Josephat. Lakini rimiksi ilipopigwa, mzee aliyekonda, mwalimu wa kwaya siku hizi, aliinuka kitini akacheza vibaya sana, mikono kama anafukuza kuku, uso umejaa furaha.

Watu walipoanza kutoka, Kokugonza alimfuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

Akamuuliza, kwa adabu, kama ile kofia haikumuuma. Josephat akacheka. Kofia ilikuwa ya baba mkwe wake, alisema, aliiazima bila kumwambia, na mpiga picha hakuwa na mkanda wa kurudia.

"Pale sikucheka kwa furaha. Niliogopa."

"Miaka yote mimi nimeona mtu asiyeogopa kitu," Kokugonza akasema.

Josephat akamshukuru. Akaongeza kwamba wanakwaya wake walimjua kama mzee wa kugombeza wachelewaji. Tangu rimiksi itoke, wanamwomba awaletee kinanda kile wakione.

Florian akaja kusalimia. Kokugonza akamweleza wazi kilichomkera. Kijana akainamisha kichwa. Akasema video ya zamani aliitazama tangu utotoni, na kofia ndiyo iliyomfanya aupende wimbo.

"Siku ile upepo uligoma, mama. Tulisubiri mpaka wachezaji wakaunguzwa na jua. Nikashindwa kuiacha kofia, ndiyo tukairusha."

Kokugonza akamtazama upya. Kumbe naye alikuwa na ugonjwa uleule. Hasira yote ikamwisha, ila maoni yakabaki.

"Kazi yako nzuri," akamwambia. "Lakini mdundo una haraka mno. Anayemsubiri mtu kivukoni hakimbii."

Florian akauliza basi uende vipi. Josephat akaanza kupiga makofi polepole na kuimba ubeti wa pili kwa sauti iliyokwaruza kidogo. Kokugonza alingoja kiitikio, akaingia na sauti ya pili bila kukosea neno. Waliokuwa wanatoka wakasimama. Precious alikuwa mlangoni na mikoba yote miwili, wake na wa mama yake. Akaiweka chini, akavuta kiti.