Mama wa Siafu Katika Uwanja wa Amisa

Amisa binti Ramazani alifinyanga nyungu pale Kasongo kwa zaidi ya miaka thelathini, na udongo wake aliuchimba nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Waume wawili walikwisha kumwacha, kila mmoja kwa sababu zake. Mwaka wa 1953 alikuwa akiishi na dada yake mdogo, Binti, aliyepeleka nyungu sokoni. Yeye Amisa alibaki uwanjani na jembe lake, na kwa kuchimba kila siku aliwajua wadudu wa pale kama mtu anavyowajua majirani: nani anakaa wapi, nani huhama lini.

Mwaka huo monita wa kilimo, mwelekezaji wa wakulima, Mkristo mmoja wa miaka thelathini na kitu aliyeitwa Gérard, alipewa kazi na bwana agronomo, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa mkubwa wake huko Kabambare. Sisimizi walikuwa wakilinda vidudu vyeupe vinavyonyonya miti ya kahawa, na bwana alitaka kujua ni wa aina ngapi. Kila aina iletwe na malkia wake, ndani ya chupa ya alkoli. Gérard akapita nyumba kwa nyumba kuomba. Watu walimletea wenye vichwa vikubwa, na wale warefu wenye mabawa wanaojigonga kwenye taa mvua zikianza. Chupa kumi na mbili zikaenda Kabambare. Zikarudi zote kumi na mbili, na kikaratasi juu yake: malkia hayumo hata mmoja.

Binti alizipata habari hizo sokoni, akamwambia Gérard ajaribu kwa dada yake, aende na chupa zake.

Amisa aliwamwaga wale wadudu juu ya kigae, akawageuza mmoja mmoja kwa kijiti. Wenye vichwa vikubwa, alisema, ni askari. Wale warefu wenye mabawa ni madume ya siafu, nao hawaishi siku nyingi.

"Usiangalie kichwa, baba Monita," alimwambia. "Angalia mugongo. Mama yao iko na mugongo munene, sababu siku moja aliruka. Na pembeni utaona alama, pale mabawa yalikatika."

Akachimba kidogo pale uwanjani kwa ncha ya jembe. Ndani ya kichumba kisichozidi punje ya hindi, kilichozibwa pande zote, alikuwamo sisimizi mmoja mweusi na mayai yake machache. Gérard alipiga magoti akamtazama kwa lenzi. Alama zilikuwapo.

Akaanza kuja kila Jumatatu. Kwa miezi miwili alipata malkia wa aina saba.

Siafu walipita mwezi wa Novemba, asubuhi, wakihama. Msafara wao ulitoka chini ya shina la mti wa mawese lililooza, ukakata uwanja hadi kichakani. Binti aliwatoa kuku bandani haraka wasije wakaliwa humo. Amisa alisimama mbali kidogo akiutazama, mpaka mahali pamoja msafara ukavimba na kwenda polepole, siafu wakipandana kama wanaobeba kitu. Akapeleka koleo lake la mwanzi pale, akabana, akainua. Alikuwa mdudu wa hudhurungi, mrefu kuliko kidole gumba, asiye na macho wala alama ya mabawa, tumbo lake likiburuta. Ilikuwa Jumatatu, na Gérard alikuwa ameshaingia uani. Alidhani ni funza.

"Ndiye mama wa siafu," Amisa alisema. "Huyu haruki. Anatembea nao maisha yake yote."

Amisa alitaka Gérard amwone tu, kisha yeye amrudishe mdudu kwenye msafara. Lakini Gérard alikuwa amekwisha kufungua chupa, akamtumbukiza ndani ya alkoli, na jambo hilo likaisha hapo.

Siafu hawakuondoka. Siku nne walizunguka uwanja, wakienda na kurudi kwenye sehemu ileile alipoinuliwa mama yao. Dada wawili walihamia kwa jirani, na kuku mmoja aliyerudi kutaga hakuonekana tena. Siku ya tano siafu wakawa wachache, na wengi wakawa wamekufa kandokando ya njia yao. Amisa aliwafagia.

Jibu la agronomo kuhusu malkia aliopelekewa lilikuja kabla ya Noeli. Alisifu sana, akaomba malkia wa pili wa siafu. Gérard akamletea Amisa barua akamsomea.

"Nilikuonyesha ili umujue," Amisa alimjibu. "Sikukuonyesha ili umuchukue."

Gérard alimwandikia bwana kwamba siafu hawajapita tena. Wale malkia wa sisimizi wengine aliendelea kuwatafuta pamoja na Amisa, lakini sasa alikuwa akiwachora daftarini, kisha anafukia kichumba kwa kiganja.

Mwaka uliofuata alihamishiwa Kabambare. Siku ya kuaga aliomba nyungu ya maji. Amisa akamchagulia iliyoiva vizuri, akaifunga kwa majani ya mpunga, wakaikaza nyuma ya baiskeli. Ilipofika Wamaza, katikati ya safari, mdomo ulikuwa umemeguka. Huko Kabambare Gérard aliitumia hivyohivyo.