Mwaka wa Mashavu Makubwa

Binti yangu alipougua, majirani zangu wa Bombambili walinipongeza. Alikuwa na miaka minne. Aliamka macho yamevimba hadi hayafunguki vizuri, soksi zikimwachia alama za kubonyea miguuni, na mtu anapita ananiambia, "Mama, mtoto kanawiri! Unamlisha nini?"

Hospitalini walimpima mkojo. Daktari, mwanamke asiye na haraka, alinieleza kwamba figo zilikuwa zinavujisha protini, ndiyo maana maji yalibaki mwilini. Aliandika vidonge vya kila asubuhi, akataka chumvi ipunguzwe sana. "Vitamtia njaa na kumjaza mashavu," alisema. "Lakini msivikatishe ghafla, hata uvimbe ukiisha."

Uvimbe uliisha. Njaa ikaja, na mashavu yakaja. Kisha nikaitwa kwenye semina ya walimu ya wiki moja, nikamwacha mtoto Mshangano kwa mama mkwe, na maelezo yote nimeyaandika kwa herufi kubwa.

Niliporudi kumchukua, macho yalikuwa yamevimba tena. Vidonge vilikuwa karibu vyote kwenye pakiti.

"Shikamoo mama. Dawa vipi?"

"Marahaba. Nilizisimamisha. Zinamharibu mtoto, anakula kama mtu aliyeshinda analima."

"Na chumvi?"

"Dagaa bila chumvi utakula wewe?"

Nilitoka nje nikaosha masufuria yaliyokuwa safi. Mume wangu alinifuata, akaniambia niongee na mama yake taratibu. Nikamwambia aongee naye yeye. Hakuongea.

Kesho yake nilimpeleka mtoto hospitalini, na mama mkwe nikaenda naye, maana nilikuwa nimechoka kuwa mkalimani wa figo. Daktari hakumgombeza. Alimpa kijikaratasi cha kupimia, akamwambia akichovye mwenyewe kwenye mkojo wa mjukuu wake. Kikageuka kijani kibichi.

"Hiyo ni protini, bibi. Inatakiwa ibaki kwenye damu."

Mama mkwe alikisogeza karibu na macho. "Kumbe chakula chote ninachompa kinatokea huku," alisema kwa sauti ndogo.

Tulianza dawa upya. Yeye akahamia kwetu ili apime mkojo kila asubuhi, akaandika matokeo kwenye daftari la shule, na akawa mkali kuliko daktari. Jirani akileta karanga za chumvi, anazirudishia mlangoni. Kopo la chumvi alilificha, mimi na mume wangu tukala mboga za majani chapwa miezi mitatu. Nilipolalamika, alinijibu, "Wewe mwalimu mzima, hukuelewa alichosema daktari?"

Nikaendelea kula.

Ugonjwa ulirudi mara mbili baada ya hapo, kila mara mafua yakitangulia, na mara zote mbili daftari lake lilituonyesha kabla macho hayajavimba. Sasa mtoto yuko darasa la tatu na mwaka mzima umepita bila dawa. Mama mkwe bado anaishi kwetu, na bado anapima.